Meli iliyolala chini ya ziwa ikaamka

Wenye umri kati yetu wanaikumbuka meli Liemba. Mwaka 1997, nyuma ya vita, ilirudisha wakimbizi wetu toka Kigoma mpaka hapa Uvira. Kwa miezi mitano ilifanya safari 22, ikaleta watu zaidi ya 75,000, wamama na watoto pamoja na mafurushi yao. Meli hiyo hiyo iliwahi kulala chini ya maji miaka mingi. Tuwasimulie watoto habari yake, maana ni habari ya ziwa letu.

Ilitengenezwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya masanduku karibu 5,000, ikasafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli kuelekea Kigoma. Huko iliungwa upya, na mwezi wa pili 1915 ikaingia majini. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen.

Ilikuwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Wabelgiji walishika upande wetu wa ziwa, Wajerumani upande wa Kigoma. Mwezi wa saba 1916 Wajerumani waliona kama Kigoma inaponyoka mikononi mwao. Waliizamisha meli yao wenyewe karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini kwanza mafundi walipaka mashini grisi nyingi, kama mama anayefunga vizuri akiba ya mbegu akitumaini kupanda tena.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, na mashini ilikuwa ingali nzima. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina Liemba.

Kazi ya kufikia meli iliyozama ni ya wazamiaji. Zamani mzamiaji alivaa kofia nzito ya shaba, na wenzake juu walimpelekea hewa kwa pampu na mpira mrefu. Siku hizi anabeba chupa ya hewa mgongoni. Kila anaposhuka metre 10, uzito wa maji unazidi kumbana. Akipanda haraka akiwa amezuia pumzi, hewa iliyo ndani ya mapafu inapanuka na inaweza kuyapasua. Kwa hiyo anapanda polepole, akipumua. Tena hata fundi hodari ana mpaka: Tanganyika ina kina cha metre 1,470, na hapa kwetu milima inashuka moja kwa moja ndani ya maji. Kinachozama mbali na pwani, mara nyingi hakifikiwi tena.

Hapo ndipo habari hii inatugusa sisi wazazi. Chuma kilichopakwa grisi kilingoja miaka minane. Mtoto hawezi kungoja. Akikosa hewa, dakika chache tu zinatosha kumuua. Hakuna mzamiaji atakayefika kwa dakika hizo. Anayeweza kuokoa ni yule aliye karibu, na mara nyingi ni mama anayefua au anayengoja ndagala pwani.

Basi tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu:

Bidoni tupu ya litre 20, iliyofungwa vizuri, inaelea na inaweza kumshikilia mtu. Tuifunge kamba ndefu, tuiweke tayari mahali tunapofulia. Mtu akizama, tumtupie bidoni na kupiga kelele. Tusimrukie, maana anayezama humshika mwokozi, wakazama wote wawili.

Tukipanda mashua Kalundu, tuulize jile za kuelea kabla ya kulipa. Mashua ikijaa kupita kiasi, au upepo ukianza kuvuma, tuiache iende. Bei ya unga Baraka au Kalemie itatungoja.

Kikundi chenye likirimba kinaweza kutenga mzunguko mmoja kununua jile mbili tatu za watoto, wanachama wakaazimana kila mmoja anaposafiri.

Na watoto wetu, wasichana kwa wavulana, wafundishwe kuogelea karibu na ukingo, mtu mzima akiwatazama. Mtoto aliyezaliwa kando ya Tanganyika asiwe mgeni wa maji yake.