Mdai na Mdaiwa: Istilahi za Biashara na Kompyuta katika Shule za Sekondari

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza istilahi za masomo mawili ambayo katika shule za sekondari za Tanzania huhesabiwa kuwa ya kumwandaa kijana kwa kazi, yaani biashara, hususan utunzaji wa vitabu vya hesabu, na kompyuta. Masomo yote mawili hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kama yalivyo masomo mengi ya ngazi hiyo. Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia ni mkongwe na umeandikiwa mengi, hapa hautarudiwa. Linaloshughulikiwa ni jambo finyu zaidi: mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza akiwa na Kiswahili chake huleta darasani maarifa gani ya masomo haya, na maarifa hayo yamehifadhiwa katika sehemu gani ya lugha?

Dai la msingi ni kwamba maarifa hayo hayamo hasa katika orodha ya nomino, ambazo wanaistilahi wamezishughulikia kwa bidii, bali yamo katika mnyambuliko wa vitenzi.

2.0 Historia fupi

Masomo haya mawili hayakuingia shuleni kwa pamoja. Baada ya Azimio la Arusha na tamko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, shule za sekondari ziligawiwa michepuo katika miaka ya 1970: kilimo, ufundi, sayansikimu na biashara. Mchepuo wa biashara ulikuta msamiati ulio tayari. Kompyuta, kwa upande wake, zilipigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 1974, na muhtasari wa somo lake kwa shule za sekondari ulipatikana katikati ya miaka ya 1990 tu. Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza mwaka 2024, umeipa elimu ya biashara nafasi kubwa zaidi ya iliyokuwa nayo. Kwa hiyo suala hili si la historia pekee.

Msamiati wa biashara ulikuwa tayari kwa sababu pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imefanya biashara ya maandishi kwa karne nyingi kabla ya shule za aina hii. Bei, faida, hasara, rehani, amana, daftari, dalali na hawala ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Bima na hundi yalitoka Bara Hindi. Baadhi yamehama maana njiani. Rasilimali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ‘kichwa cha mali’, yaani mtaji. Leo neno hilo limepanuka hata likahusisha misitu, madini na watu, na nafasi yake ya zamani imechukuliwa na mtaji. Mhasibu wa leo akilitumia katika maana ya awali hataeleweka.

3.0 Kitenzi -dai na uwekaji hesabu wa pande mbili

Kanuni inayowashinda wanafunzi wengi wa utunzaji wa vitabu ni ile ya pande mbili, iliyoelezwa katika kitabu cha Luca Pacioli kilichochapwa Venezia mwaka 1494: kila muamala huandikwa mara mbili, upande wa kushoto wa akaunti moja na upande wa kulia wa akaunti nyingine. Walimu huziita pande hizo debiti na krediti, na mwanafunzi huambiwa akariri kipi kiende wapi. Maneno hayo hayamwambii kitu. Kwake ni majina ya kushoto na kulia tu.

Asili yake, hata hivyo, si fumbo. Debiti limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kudaiwa, na krediti limetokana na kitenzi chenye maana ya kuamini. Kiswahili kina vyote viwili. Mfanyabiashara mdogo anayechukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa akishauza husema amezichukua ‘mali kauli’: mwenye mali ameiamini kauli yake. Ama kuhusu kudaiwa, mzizi mmoja -dai unatoa mdai na mdaiwa, maneno yanayotofautiana kwa kiambishi -w- cha kutendwa, na uhusiano wa watu hao wawili unaonekana katika umbo lenyewe. Anayemjua mmoja amekwisha kumjua wa pili. Vivyo hivyo -kopa na -kopesha, ambapo kiambishi cha kusababisha kinahamisha fedha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Inafaa kukumbusha kwamba -dai lenyewe ni neno lililokopwa kutoka Kiarabu. Wanaohofu kwamba ukopaji hudhoofisha lugha wangefanya vyema kulitazama.

Tuchukue duka lililoanzishwa kwa mtaji wa shilingi 500,000 taslimu. Muamala wa kwanza hudebiti akaunti ya fedha na kukrediti akaunti ya mtaji. Hapa ndipo mwanafunzi hugoma. Mtaji, kwa Kiswahili cha kawaida, ni fedha iliyo mkononi. Vipi basi uandikwe upande wa wanaoidai biashara? Jibu linapatikana kwa kuuliza swali la mnyambuliko: nani anadai na nani anadaiwa? Sanduku la fedha limepokea shilingi 500,000, hivyo linadaiwa. Mwenye duka ametoa, hivyo anadai, hata kama duka ni lake, kwa kuwa katika uhasibu duka na mwenye duka ni watu wawili. Siku ya pili bidhaa za shilingi 200,000 zinachukuliwa mali kauli kwa mwuzaji wa jumla: akaunti ya manunuzi inadebitiwa, naye mwuzaji anakuwa mdai. Jirani akichukua bidhaa za shilingi 60,000 bila kulipa, amekuwa mdaiwa, na mauzo yanakreditiwa. Swali ni lile lile mara tatu.

Swali hilo hilo linaeleza jambo ambalo huwatatiza hata watu wazima. Benki humwarifu mteja kwamba akaunti yake imekreditiwa pale anapoweka fedha, ilhali katika daftari lake mwenyewe fedha hiyo hudebitiwa. Benki inaandika kwa upande wake: mteja aliyeweka fedha ni mdai wa benki.

Haina maana kwamba Kiswahili hakina mitego. Nomino deni haionyeshi upande: ‘deni la Juma’ laweza kuwa analodai Juma au analodaiwa Juma, na mkopo una kasoro hiyo hiyo. Aidha, silabi moja inayomtenga mdai na mdaiwa hupotea kwa urahisi katika imla ya haraka. Lakini mitego ya kwanza, ambayo ndiyo mikubwa, imo katika nomino. Kitenzi kinapotumiwa kikamilifu, utata wake huondoka.

4.0 Istilahi za kompyuta

Katika kompyuta juhudi kubwa zimeelekezwa kwenye majina ya vitu. Mabishano kati ya kompyuta na tarakilishi, au kibodi na baobonye, yamechukua wino mwingi kuliko yanavyostahili. Kifaa kilichokuja na jina lake chaweza kubaki nalo. Mwanafunzi haelewi zaidi wala pungufu kwa kukiita kibodi. Vitendo ni jambo jingine, kwa sababu somo lenyewe ni mfululizo wa vitendo vinavyotendeana na kutenduana, na Kiswahili kina kauli ya kutendua.

Funga na fungua faili ni jozi ambayo hakuna aliyelazimika kuiunda. Pakia na pakua zimechukuliwa kutoka bandarini na, kwa pakua, hata jikoni, ambako wali hupakuliwa. Jozi hiyo imeenea haraka kwa sababu umbo lake linatangaza kwamba kitendo kimoja ni kinyume cha kingine. Mfano bora zaidi ni -chakata, kitenzi kinachotumika viwandani kwa mazao kama mkonge. Kilipohamishiwa kwenye data kilikuja na ukoo wake wote: mchakato, uchakataji, kichakataji, data iliyochakatwa. Programu, kwa kulinganisha, ni neno jema lakini limekaa karibu peke yake.

Tafsiri ya programu za ofisini imethibitisha hali hii. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na programu za kampuni ya Microsoft zilizofuata kwa Kiswahili, zilihitaji amri nyingi, na amri ni vitenzi. Pale mtafsiri alipokuwa na kitenzi kinachonyambulika, menyu ilisomeka. Pale alipoanza na nomino alilazimika kuibebesha fanya au weka, na menyu ikarefuka.

5.0 Yanapokutana masomo mawili

Masomo haya hukutana katika lahajedwali. Hapo neno linaloleta matatizo ni dogo sana: safu. Lisipofafanuliwa kuwa safu wima au safu mlalo, wanafunzi wawili waliokaa meza moja watajaza namba zile zile katika mielekeo tofauti. Hilo hugunduliwa upesi, kwani jumla hutoka vibaya.

Kosa la upande halijitokezi hivyo. Mwanafunzi akimwandika jirani wa shilingi 60,000 kuwa mdai, na mauzo akayadebiti, urari wake utalingana sawasawa. Lahajedwali litajumlisha pande zote mbili na kuonyesha tofauti ya sifuri, huku kwenye karatasi jirani aliyekopa akisomeka kuwa ndiye anayelidai duka.