Chukudu: Mbao Zinazobeba Chakula cha Goma

Wageni wanaotutembelea hapa Goma huuliza jambo moja kabla ya mengine yote: hicho kitu cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachoteremka barabarani na magunia ya viazi, ni nini?

Ni chukudu. Haina pedali, haina cheni, haina injini. Ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, na mwaka 2009 mji uliijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara unaoitwa kwa jina lake.

Kila chukudu hutengenezwa kwa oda. Fundi humwuliza mteja kwanza atabeba nini: makala, viazi, kabeji au madumu ya maji? Jibu ndilo linaloamua urefu wa mwili wake. Ile ya mizigo mikubwa hufika mita 2 na hubeba kilo 400 au zaidi. Ya watoto wanaochota maji ni fupi. Mwili huchongwa kwa mkaratusi, ambao hupinda kidogo chini ya uzito bila kuvunjika. Magurudumu hutaka mti mgumu zaidi, na mafundi husifu sana mumba. Huzungushiwa vipande vya tairi kuukuu vilivyopigiliwa misumari, na katikati huwekwa beringi zilizotoka kwenye magari mabovu. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Dereva hupiga goti juu ya kipande cha kandambili kilichopigiliwa ubaoni na kusukuma kwa mguu mwingine. Kazi huchukua siku 1 hadi 3, na chukudu hudumu miaka 2 au 3.

Kwa nini si baiskeli ya chuma? Barabara zetu nyingi zimepita juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji. Mawe hayo hutoboa tairi za upepo, na bomba la chuma likivunjika linahitaji mtu wa kuchomelea. Ubao ukipasuka, msumari na jiwe la kugongea vinatosha.

Sisi tunaofanya kazi ya amani tunaitazama chukudu kwa sababu nyingine pia. Inafuata barabara ya Kibumba, kilomita 20 hivi kaskazini, ambako mashamba yako juu na soko liko chini. Barabara hiyo ndiyo ambayo vita hufunga kwanza. M23 waliingia Goma Novemba 2012 wakitokea huko. Mwisho wa 2022 mapigano yaliikata tena, na bei ya maharage na viazi ikapanda mjini. Januari 2025 mji ukaingia tena mikononi mwa M23. Mara zote hizo chukudu zilibeba pia magodoro, sufuria na wazee wasioweza kutembea.

Kijana mwenye chukudu ana kazi kila asubuhi, na wale wanaoandikisha vijana msituni hutafuta wasio na kazi. Hatusemi kwamba mbao zinazuia vita. Lakini katika mikutano yetu madereva wa makabila mbalimbali hukaa benchi moja bila kuombwa, kwa sababu wote wana malalamiko yaleyale: pesa za kwenye vizuizi, na mbao nzuri zinazozidi kuwa adimu kwa kuwa mkaratusi huohuo huchomwa makala.

Mashirika mengine hupendelea kugawa pikipiki za magurudumu matatu. Ni nzuri mpaka petroli inapokosekana au spea inapochelewa. Tunawaomba wafadhili, kabla ya kununua chochote, wakae nusu siku kwa fundi wa chukudu na kumwuliza bei ya mbao.