Kukeneka kiowevu kidogo

Kukeneka ni kuchemsha kiowevu hadi kiwe mvuke, kisha kuupoza mvuke huo na kuukusanya ukiwa kiowevu tena. Ingawa kitenzi hiki huishia na -eka kama someka, hakimo katika kauli ya kutendeka: mkemia hukeneka maji, nayo maji hukenekwa. Kisichanganywe na kuchuja. Chujio huzuia visivyoyeyuka tu; chumvi iliyoyeyuka hupita pamoja na maji, ilhali katika ukenekaji hubaki chini ya chupa. (Mtaani watu husema kupika gongo, kitendo ni hicho hicho.)

Ugumu huanza kiasi kinapokuwa kidogo. Kila kifaa hubakisha kitu: utando kwenye kuta za kioo, mvuke uliojaa chupa, matone yaliyonata ndani ya kondensa. Tuseme mabaki hayo ni mililita 2. Aliyeanza na mililita 200 amepoteza asilimia 1. Aliyeanza na mililita 5 amepoteza asilimia 40. Ndiyo maana vitabu vya kemia hutaja ukenekaji wa njia fupi. Mfasiri asidhani kwamba kinachofupishwa ni muda wa kazi. Ni umbali ambao mvuke husafiri kabla ya kupozwa. Katika kichwa cha Hickman, mvuke hupoa kwenye kuta juu kidogo tu ya chupa, na matone huteremkia katika mfereji wa mviringo, yakavutwa humo kwa pipeti. Kugelrohr, neno la Kijerumani linalounganisha tufe na bomba, ni safu ya matufe ya kioo: lililo ndani ya tanuri hupashwa moto, lililo nje hupozwa. Ufupi huo una gharama yake, kwani viowevu ambavyo viwango vyake vya mchemko vinakaribiana havitengani vizuri.

Sentensi inayostahili uangalifu zaidi katika tafsiri ni ile ya kusimamisha kazi. Chupa haiachwi ikauke. Etha iliyohifadhiwa muda mrefu hufanya peroksidi inapokutana na hewa. Hizo hazichemki upesi kama etha, hivyo hujilimbikiza katika masalia na huweza kulipuka. Mwenye mililita chache hushawishika kufuata tone la mwisho, na masalia yake hukauka kwa muda mfupi sana. “Keneka hadi kibaki kidogo” na “keneka hadi kiishe” ni maagizo mawili tofauti, na la pili linaweza kumgharimu mwanafunzi macho yake.