Wezi Wasiokimbia

Paukwa! Pakawa! Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari za wezi wasiokimbia hata ukiwakuta wakiiba.

Kule Kwale, karibu na vilima vya Shimba, aliishi binti mmoja na babu yake. Barazani kwao palining'inia kikapu chenye makumbi ya nazi na vipande vya mkaa, na ndani yake mlikuwa na okidi chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoadoa ya kahawia. Porini okidi hii hukaa juu ya miti mikubwa kama mibuyu, lakini hainyonyi mti unaoibeba. Hujishikiza tu kwenye gome, na baadhi ya mizizi yake huchongoka kuelekea juu na kudaka majani makavu, ambayo yakioza huwa mbolea yake.

Kiangazi kilipokaza, okidi ikapukutisha majani, yakabaki mashina manene matupu.

"Babu, ua letu limekufa. Nikalitupe?"

"Taratibu, mjukuu wangu. Hebu libonyeze hilo shina."

Binti akabonyeza. Shina lilikuwa gumu.

"Shina lililokufa hubonyea au huwa kapi tupu," babu akasema. "Hili limelala. Limejaa maji na chakula, linangoja mvua za masika."

Binti akainama atazame vizuri. Pale shina linapokutana na mizizi akaona vitu vyeupe. "Babu, mbona shina limeota pamba?"

Babu akavaa miwani. "Hiyo si pamba. Hao ni wezi, na jina lao ni vidung'ata."

Sasa sikilizeni niwaeleze. Kidung'ata ni mdudu mdogo, laini, aliyejipaka unga mweupe wa nta. Nta hiyo hufukuza maji, ndiyo maana ukimmwagia maji matupu hajali. Mdomo wake ni mrefu na mwembamba sana. Huuchomeka ndani ya shina, akafyonza utomvu kama mtu anywavyo dafu kwa mrija. Anakunywa kuliko anavyohitaji, na kinachozidi hukitoa nyuma kama matone matamu. Sisimizi wanayapenda mno matone hayo, basi huwalinda vidung'ata dhidi ya maadui, na pengine huwabeba hadi kwenye mmea mwingine. Kwa hiyo ukiona msafara wa sisimizi ukipanda kwenye chungu cha ua, ufuate uone unakwenda kwa nani.

Yuko pia mwizi wa pili, mdudu gamba. Huyu hujifunika kigamba cha mviringo, akatulia palepale kwenye shina. Jike likishakua halitembei tena. Hula hapo, huzaa hapo, hufa hapo. Watoto wake ndio wanaotembea. Wakishaanguliwa hutoka chini ya kigamba cha mama, wakazunguka kutafuta pa kuchomeka midomo yao, nao wakatulia.

Mbona wezi hawa ni hatari zaidi okidi ikiwa imelala? Kwa sababu akiba haiongezeki. Mmea wenye majani hujitengenezea chakula kila jua linapowaka, lakini uliolala unakula ulichoweka. Kila tone linalofyonzwa kiangazi litakosekana masika, chipukizi likitaka kutoka. Tena yale maganda makavu yanayozunguka shina ni maficho mazuri: hamna mtu wa kuwachungulia.

Lakini kulala huko kuna faida pia. Majani hayapo, kwa hiyo mwizi hana pengi pa kujificha. Babu akaanza kazi. Kwanza alikitenga kikapu mbali na maua mengine. Kisha akabandua maganda makavu pole pole, moja baada ya jingine, asijeruhi macho madogo chini ya shina, kwani hapo ndipo chipukizi jipya hutokea. Maganda yote akayatia motoni.

Akachovya pamba katika spiriti ya kusafishia vidonda, akampangusa kila kidung'ata. Spiriti hupenya ile nta na kumuua mdudu. Kumbukeni kwamba spiriti hushika moto, basi kazi hii ifanyeni na mtu mzima, mbali na jiko. Vigamba akavisugua kwa mswaki laini na maji yenye sabuni kidogo. Makumbi na mkaa wa zamani akavimwaga, maana vidung'ata hujificha hata mizizini, akaweka vipya. Mwisho akauning'iniza mmea kivulini penye hewa ukauke, kwa sababu shina lililolala likikaa na maji huoza.

"Sasa wamekwisha!" binti akashangilia.

"Bado. Umewaona wakubwa. Mayai umeyaona?"

Hapo ndipo wengi hushindwa. Kidung'ata jike hutaga mamia ya mayai ndani ya kifuko cha nta, na mayai ya mdudu gamba hukaa chini ya mwili wa mama. Dawa ya leo haiyafikii yote. Baada ya siku 7 hivi wengine watakuwa wameanguliwa, wangali laini, hawajajifunika. Babu akarudia kupangusa kila wiki kwa mwezi mzima, naye binti akawa mkaguzi.

Msidhani vidung'ata husumbua maua tu. Miaka ya 1970 ndugu yao mmoja kutoka Amerika Kusini alivamia mihogo ya Afrika, akasababisha njaa. Wanasayansi wakamtafuta adui yake huko alikotoka, wakampata Paraguay: nyigu mdogo sana anayetaga ndani ya mwili wa kidung'ata. Nyigu hao walianza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, wakasambazwa katika nchi nyingi, na mihogo ikapona. Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Naye vilevile hakushinda kwa siku moja.

Basi, wajukuu zangu, mkiwa na ua lililolala, msilitupe kabla ya kulibonyeza shina. Likagueni kila wiki, chini ya maganda na karibu na mizizi. Sumu za dukani waachieni watu wazima. Na mkimwondoa mwizi leo, rudini wiki ijayo, kwa sababu watoto wake watakuwa wameamka.