Bei ya picha za harusi: Kinachowafilisi wapigapicha ni hesabu, si uhaba wa wateja

JUMAMOSI yoyote ya mwezi wa Agosti au Desemba, ni nadra kupata bustani ya kukodi jijini Nairobi au viungani mwake isiyokuwa na bi harusi. Na palipo na bi harusi hapakosi mwenye kamera. Ajabu ni kuwa wengi wa wenye kamera hizo hawadumu. Baada ya miaka miwili au mitatu utamsikia mmoja wao ameuza lenzi zake na kurejea katika kazi ya kuajiriwa, ilhali hakuwahi kukosa wateja.

Chanzo aghalabu ni namna bei ilivyowekwa tangu mwanzo. Mgeni katika biashara hii huuliza wenzake wanatoza kiasi gani, kisha hupunguza kidogo ili apate kazi. Hajui iwapo bei ya huyo anayemwiga inamlipa mwenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mpigapicha amenunua kamera mbili, lenzi tatu, taa za kumulika na tarakilishi ya kuhariria, vyote kwa Sh480,000. Vifaa hivyo vikitumika kwa miaka minne kabla ya kuchakaa, ni sawa na gharama ya Sh120,000 kila mwaka. Tuseme kodi ya chumba, umeme, intaneti, leseni ya kaunti, bima na matangazo vinamgharimu Sh180,000 kwa mwaka. Hizo ni Sh300,000 kabla hajapiga hata picha moja.

Kila harusi nayo ina gharama zake: msaidizi Sh8,000, usafiri Sh4,000, albamu Sh12,000, na kifaa cha kumkabidhia mteja picha Sh1,200. Jumla Sh25,200. Sasa akitoza Sh35,000, bei ambayo kwake inaonekana nono, hubaki na Sh9,800. Akipata harusi 25 kwa mwaka, masalio hayo ni Sh245,000. Hayatoshi hata kulipia zile Sh300,000, wala hatujamlipa yeye mwenyewe mshahara! Fedha anazoziona mkononi na kuzitumia nyumbani ni mtaji wake, na siku kamera itakapoharibika hatakuwa na ya kununulia nyingine.

Iwapo anataka kujilipa Sh60,000 kwa mwezi, yaani Sh720,000 kwa mwaka, gharama zake za mwaka zinafika Sh1,020,000. Zikigawanywa kwa harusi 25, kila harusi inabeba Sh40,800. Ongeza zile Sh25,200, upate Sh66,000. Hiyo ndiyo bei inayomwezesha kuishi tu, bila akiba ya kukuza biashara. Takwimu za kila mtu zitatofautiana, ila njia ya kuzifikia ni hiyo hiyo.

Kwa nini harusi 25 na si 52, kwa kuwa mwaka una Jumamosi 52? Kwa sababu harusi hufuata likizo na kalenda za makanisa, na kuna miezi mikavu. Isitoshe, kazi haiishi jioni karamu inapokwisha. Mpigapicha hurudi na maelfu ya picha, na kuzichagua, kuzisahihisha rangi na kuzipanga huweza kumaliza siku nne au tano. Sisi tuliofunga ndoa enzi za filamu tulihesabiwa roli za picha 36, na aliyefumba macho alibaki vivyo hivyo milele.

Lipo pia suala la nani hasa anayejadili bei. Humu nchini mara nyingi si maharusi bali kamati, na mweka hazina wake ana daftari la michango isiyotosha. Huyu hukata kila kitu kwa nusu. Mpigapicha mwerevu hapunguzi bei bila kupunguza kazi. Kamati ikisema fedha ni chache, aondoe albamu, au aondoke baada ya ibada na asingoje keki. Akishusha bei na kuacha kazi ile ile, mweka hazina atawaelekeza jamaa zake wote kwake kwa bei hiyo.

Malipo yafuate hatua: arubuni ya kuhifadhi tarehe, sehemu kubwa kabla ya siku yenyewe, na salio kabla ya picha kukabidhiwa. Baada ya karamu kamati huvunjika, na kumpata wa kudai ni kazi. Deni lisilozidi Sh1 milioni linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, lakini pasipo mkataba wa maandishi utathibitisha nini?

Mkataba huo una jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane vinginevyo. Hivyo mpigapicha anayetaka kutumia picha za harusi kujitangaza hana budi kuliandika hilo. Aombe idhini ya waliopigwa vilevile, kwa maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haina mzaha. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kuhusu kukua, wengi hukimbilia kuongeza harusi. Mwili una kikomo. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kujaza siku nyingine: posa na ruracio, koito, mahafali, na ndoa za kiserikali ambazo huweza kufanyika katikati ya wiki. Katika Pwani, sherehe za wanawake kama vile kupamba haziingiwi na wanaume, kwa hivyo biashara yenye mpigapicha wa kike inapata kazi ambayo wengine hawawezi hata kuiomba.

Kuhusu kupandisha bei, kalenda yenyewe ndiyo dalili. Jumamosi za Desemba zikijaa kufikia Juni, bei ni ya chini mno. Wateja waliokwisha kulipa arubuni wabaki na bei ya zamani. Wapya wapewe mpya. Baadhi wataondoka. Kwa hesabu yetu, kwa bei ya Sh35,000 hata harusi 30 hazimtoshelezi gharama za mwaka, ilhali harusi 18 kwa Sh90,000 kila moja zinamwachia Sh1,166,400 baada ya gharama za harusi zenyewe, na Jumamosi kadhaa za kukaa na watoto wake.