Hotuba Moja, Dawa na Vita

Januari 28, 2003, Rais George W. Bush alisimama mbele ya Bunge la Marekani kutoa hotuba yake ya mwaka kuhusu hali ya taifa. Alisema karibu watu milioni 30 barani Afrika walikuwa na virusi vya UKIMWI (VVU), na kwamba waliokuwa wakipata dawa walikuwa 50,000 tu. Akaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Katika hotuba hiyohiyo alidai kwamba Saddam Hussein alikuwa ametafuta madini ya urani kutoka Afrika. Ombi la kwanza lilizaa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Dai la pili lilitumika kuhalalisha kuivamia Iraki, na ilipofika Julai White House yenyewe ilikiri kwamba halikustahili kuwemo. Wakati huo Baghdad ilikuwa imeshaanguka.

Nikiulizwa kama sera ya mambo ya nje ya Marekani inaifaidi dunia, huirudia hotuba hiyo. Anayeiona Marekani kuwa mfadhili wa wanadamu aieleze Iraki. Anayeiona kuwa dhalimu tu aende kituo cha tiba na matunzo chochote, Mbeya au Kisumu, awatazame akina mama waliozaa watoto wasio na virusi kwa sababu walimeza dawa zilizolipiwa na walipakodi wa Marekani. Serikali ya Marekani inakadiria kwamba PEPFAR imeokoa maisha ya watu milioni 25. Hata ukiipunguza hesabu hiyo nusu, sijui mpango mwingine wa afya wa taifa moja kwa mataifa mengine uliofikia hapo.

Hata hivyo wema huo haukuzaliwa Washington peke yake. Mwaka 2000 dawa za kufubaza VVU za mgonjwa mmoja ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Afrika Kusini ilipotunga sheria ya kujipatia dawa nafuu, Marekani iliibana kibiashara, na kampuni 39 za dawa zikaifikisha mahakamani. Wagonjwa wakaandamana, na wanaharakati wa Marekani kwenyewe wakawaandama wanasiasa wao hadi kwenye mikutano ya kampeni. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ikatangaza mseto wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Miezi miwili baadaye zile kampuni ziliiondoa kesi. Bila bei hiyo kushuka, dola bilioni 15 zisingefika mbali. Na bado PEPFAR ilianza kwa kununua dawa ghali za kampuni zenye majina, mpaka mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoweka utaratibu wa kuzikagua zile za bei nafuu.

Masharti nayo hayakukosekana. Sheria ya 2003 iliyoanzisha PEPFAR iliagiza theluthi moja ya fedha za kinga itumike kuhubiri kusubiri hadi ndoa. Sharti hilo lilitokana na siasa za wapiga kura wa Marekani, wala si takwimu za maambukizi za Uganda au Zambia.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa msaada wa aina hii. Dawa za VVU humezwa kila siku, maisha yote. Zikikatizwa, virusi huanza tena kuzaliana ndani ya wiki chache, na mgonjwa anayemeza leo na kukosa kesho anaweza kujenga usugu. Tiba ya namna hiyo inahitaji fedha za uhakika wa miaka mingi, ilhali fedha zenyewe zinategemea uchaguzi wa watu wengine. Januari 20, 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kibali cha kuendelea na huduma za kuokoa maisha kilitolewa siku chache baadaye, lakini miradi ilikuwa imeshaamriwa kusitisha kazi, na wahudumu waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa majumbani walikuwa wameshaambiwa wabaki nyumbani. Julai 1 mwaka huohuo, USAID, shirika la misaada la Marekani lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, lilifungwa rasmi.

Na ukitaka kujua taifa kubwa linakuthamini kiasi gani, tazama linavyofanya mnapogongana kimaslahi. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia kuachana na mitumba ili kufufua viwanda vya nguo. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika, Washington ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ambayo sheria yake ya AGOA ilizipa bidhaa za Afrika, na Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ilikaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo.

Jibu langu basi ni hili: sera ya taifa lenye nguvu huwafaidi wengine pale maslahi yake yanapokutana na yao, na pale watu wanapoisukuma kwa nguvu. Kwa Iraki hayakukutana. Kwa UKIMWI yalikutana kwa zaidi ya miaka 20, na miaka hiyo sisi tungeitumia kujijengea uwezo. Aprili 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijafika hapo. Zimbabwe, pamoja na dhiki zake zote za uchumi, imekuwa ikitoza asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya UKIMWI tangu mwaka 2000. Bajeti ijayo itakaposomwa, msomaji, tafuta kifungu cha dawa za VVU, kisha umuulize mbunge wako ni shilingi ngapi kati ya hizo zinatoka kwenye kodi zetu wenyewe.