Oili Chafu Haina Alama Katika Mtihani

Mwanafunzi wa umakanika huulizwa katika mtihani namna ya kubadilisha oili ya injini: afungue nati ipi, aondoe kichujio vipi, aongeze oili mpya kiasi gani. Akijibu vyema hupata alama zake. Lakini ile oili nyeusi aliyoikinga kwa karai ataipeleka wapi? Swali hilo ni nadra mno kulikuta.

Wengi hudhani kwamba kosa la gereji zetu ni kutupa ovyo. Mimi naona kinyume. Gereji haitupi kitu chenye bei. Oili chafu, iliyobeba chembe za metali kutoka injini, huuzwa ikapakwa nguzo za ua ili mchwa wasizile. Betri iliyokufa nayo hununuliwa kwa uzani na wachuuzi wa vyuma vikuukuu, na kwa kuwa mnunuzi hataki kulipia maji, asidi humwagwa kwanza, papo hapo mchangani. Asidi hiyo haiendi peke yake. Huchukua madini ya risasi, ambayo ndiyo zaidi ya nusu ya uzani wa betri. Risasi humharibu mtoto ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kijulikanacho kuwa salama.

Na betri yenyewe huishia wapi? Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua. Kuanzia 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa mtaa wao, hadi kilipofungwa 2014. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa humo, alianza kupigana baada ya mwanawe mchanga kupatikana na sumu ya risasi. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu, msomaji, miaka aliyokua mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa!

Sheria tunazo, tena tangu ile ya mazingira ya 1999, na taka za hatari hazifai kubebwa na asiye na leseni ya NEMA. Hata hivyo fundi wa jua kali humuuzia anayefika mlangoni na pesa taslimu. Sioni haki kumlaumu yeye pekee ilhali mwenye leseni hajapata kumtembelea.

Shuleni na vyuoni, hata hivyo, hatuna udhuru huo. Pipa lenye kifuniko, lililoandikwa kilichomo, lisilochanganywa na petroli wala maji. Betri iliyosimama wima na asidi yake ndani. Mchanga wa kufyonza kilichomwagika. Daftari la kuonyesha nani kachukua nini na lini. Mambo hayo yanafundishika kwa kipindi kimoja. Walimu wenzangu, mitihani ya majaribio tunaitunga wenyewe. Liingizwe swali la oili chafu, na lipewe alama nyingi kuliko lile la nati.